Bwana Msa bila kurasa za mwisho

Bodaboda aliyenipokea stendi ya Tanga alilinyanyua begi langu la pili, akalirudisha chini. "Dada, humu mna matofali?" Nikamwambia mna vitabu. Akaniangalia kidogo, kisha akapandisha nauli kwa mia tano.

Ndivyo nilivyoingia Ngamiani, nyumbani kwa dada yangu, mwishoni mwa Desemba, kaskazi imekolea na mabati yanalia kwa joto tangu saa nne asubuhi. Nilikuwa na siku 21 za likizo na vitabu vitano. Kimoja kipya, Peponi, nilichokinunua dukani. Vinne chakavu, kutoka kwa mzee mmoja anayetandika turubai Posta, Dar es Salaam, na kupanga vitabu mafungumafungu kama nyanya: Kusadikika, Rosa Mistika, Kuli na Mzimu wa Watu wa Kale. Mimi si mtu wa fasihi. Ni ofisa mikopo. Mwaka mzima nasoma fomu, na vitabu navisubirisha mpaka likizo.

Nilidhani nitavisoma peke yangu. Siku ya tatu Kuli hakionekani. Kiko bandarini, ndani ya mfuko wa shemeji, pamoja na chapati zake. Rosa Mistika nilikikuta jikoni, kimelazwa kifudifudi juu ya kifuniko cha ndoo ya unga. Mzimu kilichukuliwa na mpwa wangu, aliyemaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba na sasa hana kazi ila kungoja matokeo. Usiku wa pili alikuja kunigongea mlango.

"Mama mdogo, kitabu hiki hakina mwisho."

Kweli hakikuwa nao. Jalada limeshikwa kwa selotepu, ukurasa wa kwanza una mhuri wa maktaba ya shule uliofifia, na nyuma kabisa, pale mambo yanapoelekea kufumbuliwa, karatasi zimekatika. Sentensi imeachwa njiani. Hadithi ya upelelezi, maiti imekutwa penye mzimu, Bwana Msa na kiko chake keshaanza kutabasamu, halafu jalada la nyuma. Yule mzee wa turubai aliniuzia elfu tatu, na wala sikukifungua.

Mjadala wenyewe ulitokea Jumamosi moja usiku. Umeme ulikatika baada ya isha, ndani hakukaliki, tukatoa mkeka na viti barazani. Mjomba alikuwa amekuja kutusalimu. Mjomba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili; ukimwamkia anaitikia marahaba, kisha anakusahihisha upatanisho wa ngeli. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, tukamwita. Yaliyosemwa nimeyaandika kama nilivyoyakumbuka, na pale nilipojipendelea wenzangu watanisuta.

MJOMBA: Naambiwa umeleta maktaba, mwanangu. Umesoma nini?

MIMI: Peponi nimekimaliza, mjomba. Kusadikika nimekiacha katikati.

MJOMBA: Umekiacha? Mtu wa Tanga, tena akiwa Tanga, anamwacha Shaaban Robert katikati?

DADA: Mjomba, hata ubwabwa mtu huacha akishiba.

MJOMBA: Akishiba, sawa. Huyu nataka kujua kashiba, au kaona uvivu wa kutafuna.

MIMI: Nitasema ukweli. Karama anashitakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe uwakili. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anakwenda, anaona mambo mazuri ya wenzetu, anarudi nayo, anaishia kifungoni. Wa kwanza nilimwonea huruma. Wa pili nilimwonea huruma. Wa tatu nikaanza kuhesabu kurasa zilizobaki.

MJOMBA: Kitabu kilitoka 1951. Mwandishi ni mtumishi wa serikali ya mkoloni, ana meza na wino katika ofisi ya wilaya, papa hapa mjini. Mtu wa namna hiyo anawezaje kuandika kwamba katika nchi yake mtu hushitakiwa bila mtetezi? Anaipeleka nchi angani. Anaiita Kusadikika. Wewe unalalamika kwamba wajumbe wamefanana! Mjumbe mmoja akifungwa, ni bahati mbaya. Wawili, hakimu mbaya. Wakifungwa sita, bwana, hapo hakimu kafuata utaratibu.

DADA: Maneno hayo umeyafundisha miaka mingapi, mjomba?

MJOMBA: Thelathini.

Tulicheka, naye akacheka. Lakini alikuwa amenipata. Kesho yake nilikirudia kile kitabu, nikamsoma mjumbe wa nne. Bado alinichosha. Tofauti ni kwamba safari hii nilijua ninachoshwa na nini, na huo uchovu sikuweza tena kuuhesabu kuwa kosa la mwandishi peke yake. Bado nadhani wajumbe wanne wangetosha.

SHEMEJI: Hebu ngoja. Huyu Shaaban Robert alifanya kazi ofisi gani?

MJOMBA: Wilaya, wakati huo. Kabla yake alikuwa karani wa forodha, miaka mingi tu, tangu 1926.

SHEMEJI: Forodha! Basi ni mwenzetu. Karani wa forodha anaona kila kinachoingia na kila kinachozuiwa. Niliposikia anaandika habari za mbinguni nilidhani ni shehe.

KIJANA: Babu, nina swali. Mzimu wa Watu wa Kale, muuaji ni nani?

MJOMBA: Kila kitu kwa zamu yake. Baba yako ana jambo la kusema.

SHEMEJI: Mimi sina elimu ya vitabu, mzee. Nilikichukua kwa sababu ya jina. Kuli. Nikasema hebu tuone huyu mtu anajua nini. Nilikisoma saa za mapumziko, chini ya kivuli cha kontena, na wenzangu wakanicheka kwamba nasomea uchungaji. Sasa nikwambieni. Yule Adam Shafi ama amebeba mzigo, ama amekaa sana na waliobeba. Mtu ambaye hakubeba huandika kwamba mzigo ni mzito. Aliyebeba anajua uzito si tabu. Tabu ni pale unapoupokea, kabla hujaupata mwili. Gunia likikukalia vibaya sekunde ile moja, shingo inalia wiki nzima. Zamani hapa Tanga meli zilikuwa zinatia nanga nje, mzigo unashushwa kwenye matishari, tishari linavutwa mpaka gatini, halafu unapakuliwa tena. Mzigo ule ule, mara mbili. Siku hizi kina kimechimbwa, meli inafunga gatini. Lakini mimi zile za matishari nimezila, na nilipomsoma Rashidi bega hili la kulia lilinikumbusha.

MJOMBA: Ndiyo. Sasa tuambie mwandishi anasema nini.

SHEMEJI: Si ndicho nilichokwambia?

MJOMBA: Umetwambia bega lako linasema nini. Kitabu kinahusu Unguja, mgomo wa makuli wa 1948. Watu waliokuwa wakihesabiwa pamoja na mizigo wanagundua kwamba wakikaa chini bandari inasimama, na bandari ikisimama kisiwa kinasimama. Kimetoka 1979, miaka 15 baada ya Mapinduzi. Mwandishi anauliza makuli walijifunzaje kuwa kitu kimoja. Hilo bega lako halikuuliza.

SHEMEJI: Liliuliza, mzee, ndiyo maana nina ugomvi na kitabu. Nusu ya kwanza nilisoma nikisahau chapati. Wakianza mambo ya mgomo, watu wanaacha kuzungumza, wanahutubu. Makuli wakikaa kupumzika hawasemi "sisi wanyonge." Wanasema posho imechelewa. Wanasema msimamizi kampa kazi ya winchi shemeji yake. Mgomo hutokea humo, katika kunung'unika kwa kijinga. Mimi nimewahi kuwamo katika mgomo mmoja, wa siku moja tu, na ulianza kwa maji ya kunywa. Maji! Hakuna aliyehutubu.

MIMI: Hapo mjomba umepata jibu. Hiyo si hadithi ya bega. Ametaja mahali pa kitabu ambapo sauti inabadilika, na ameeleza inabadilikaje.

MJOMBA: Nimemsikia. Lakini na yeye akumbuke kwamba waliosoma kitabu hicho kwanza walizihitaji zile hotuba. Wengine walikuwa hawajapata kuona kuli akiandikwa akifungua mdomo kabisa.

SHEMEJI: Hilo nalikubali. Mimi nimekisoma nimechelewa.

Naona niseme jambo hapa, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika. Shuleni tulifundishwa kuingia kitabuni kama polisi anavyoingia nyumba ya mtuhumiwa. Dhamira ziko wapi, migogoro iko wapi, taja ujumbe, toa falsafa ya mwandishi, eleza muundo, eleza mtindo, jina la kitabu linasadifu? Vitu vinatolewa nje, vinapangwa uani, vinahesabiwa. Hakuna aliyewahi kutuuliza ni ukurasa upi uliotufanya tufunge kitabu tukae kidogo. Mjomba ni mmoja wa waliofundisha hivyo, na ninampenda, lakini ugomvi wangu wa usiku ule ulikuwa na yeye. Mwenye kuthibitisha hoja yangu, bila kukusudia, alikuwa mpwa wangu.

MJOMBA: Na wewe, kijana. Mtihani umefanya. Riwaya ulijibu ipi?

KIJANA: Takadini, babu.

MJOMBA: Vizuri. Sekai anapokimbia na mtoto wake zeruzeru, ni jambo gani linalomfanya aamue kuondoka?

KIJANA: (kimya)

MJOMBA: Si uliijibu?

KIJANA: Niliijibu. Nilieleza jinsi mwandishi alivyofaulu kuonyesha mila potofu, hoja nne, utangulizi na hitimisho.

MJOMBA: Ndiyo. Lakini Sekai.

KIJANA: Babu, nikisema ukweli utaninyima kahawa? Kitabu sikukisoma. Darasa zima tulikuwa na nakala tatu. Tulisoma desa.

DADA: Mtoto wewe! Na ada nimelipa!

KIJANA: Lakini Mzimu nimekisoma, mama, siku mbili, mpaka chaji ya simu imeisha kwa kuwasha tochi. Na hakuna aliyenilazimisha. Ukinitungia mtihani wa Mzimu sasa hivi, nitakwambia Bwana Msa anavyozungumza na Najum, anavyomwacha Najum akosee kwanza, na namna anavyojifanya hajaona kitu alichokiona zamani. Ila usiniulize muuaji, maana kurasa hazipo. Muuaji ni nani, babu?

MJOMBA: Unadhani kwa nini Muhammed Said Abdulla alimpa Bwana Msa rafiki mjinga kidogo?

KIJANA: Ili na sisi tuone tunaachwa nyuma na mtu.

Mjomba alinyamaza. Nilimwona anachukua kikombe kisicho na kahawa, anakinywa.

MJOMBA: Hiyo, wanafunzi wangu wa kidato cha sita hawakuwahi kuniambia.

Kile kitabu, kwa asiyekijua, ndicho kilichomtia Bwana Msa machoni mwa wasomaji. Kilishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58, kikachapwa 1960. Vikafuata vingine, Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri. Mtu anaweza kusema ni Sherlock Holmes aliyevalishwa kanzu, na kiko kinamsaliti. Lakini Holmes hakupata kukaa barazani akisubiri watu wapite wamtolee salamu zenye uongo ndani yake.

Dada alikuwa kimya muda mrefu, anamenya embe dodo kwa kisu, ganda limekuwa utepe mmoja mrefu. Nilimjua. Akimenya embe hivyo, ana jambo.

DADA: Mimi niulizwe cha kwangu.

MJOMBA: Rosa Mistika. Haya, mama. Lakini nikutangulize kidogo. Kilipotoka 1971 nilikuwa mwanafunzi. Baadaye kikazuiwa mashuleni, na hapo ndipo kila mtu alipokitaka. Kwetu bweni kilizunguka kwa zamu, kimevalishwa jalada la Jiografia. Zamu yangu ilikuwa usiku mmoja.

DADA: Na ulikisoma kwa ajili ya nini?

MJOMBA: (kimya, kisha kicheko) Kwa ajili ya ile ile waliyokizuilia.

DADA: Ahsante kwa ukweli. Mimi nina mabinti wawili, na nimekisoma kwa ajili ya Zakaria. Yule baba anampiga mtoto kwa sababu ya barua. Barua ya mvulana, na mtoto hajafanya lolote. Nilifika hapo, nikakiweka kitabu juu ya ndoo, sikukigusa siku mbili. Unga nikawa nauchota kwa kukisogeza. Si kwamba ni kibaya. Nilimjua Zakaria. Wote hapa tunamjua, alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu tukiwa wadogo, na sauti ya mkanda wake ilikuwa inafika chumbani kwetu. Kezilahabi hakuikuza hata kidogo. Baba mlevi, mkali kwa mabinti peke yao, na watu wanasema analinda heshima.

MJOMBA: Basi umekisoma sawasawa. Mwandishi anamtwika Zakaria lawama.

DADA: Anamtwika lawama, na Rosa anamtwika kaburi. Ndiyo shida yangu. Binti anafungiwa kama kuku, siku akifunguliwa hajui dunia, anapotea. Hapo tuko pamoja na mwandishi. Lakini kwa nini lazima afe, tena ajiue? Mwandishi alikuwa na umri gani?

MJOMBA: Alizaliwa Ukerewe 1944. Kitabu kinatoka ana kama miaka 27.

DADA: Mvulana wa miaka 27! Angengoja kidogo. Angeona kwamba wasichana wa namna ya Rosa wengi hawafi. Wanarudi. Wanauza vitumbua, wanalea, wanazeeka, na siku moja wanamwosha huyo huyo Zakaria akiwa hoi kitandani. Kuandika hivyo ni vigumu kuliko kumwua mtu.

MJOMBA: Unataka mwandishi aandike kitabu kingine.

DADA: Nataka nimwambie kwamba nilimwamini mpaka alipoogopa kubaki na huyo mtoto. Naruhusiwa?

MJOMBA: Hivyo ndivyo maisha yanavyokwenda pengine, lakini riwaya ina mkondo wake. Kifo cha Rosa ni mashitaka. Angebaki hai, msomaji angepumua, na Zakaria naye angepumua.

DADA: Na wasichana waliokisoma chini ya dawati, walijifunza nini? Kwamba ukiteleza, umekwisha. Waliokipiga marufuku walisema kinapotosha. Mimi naona kimekaa upande wao kuliko walivyojua.

Hapo hakuna aliyejibu. Mimi sijui nani ana haki. Mjomba ana hoja kuhusu mkondo, na dada ana hoja kuhusu mabinti, na kitabu kinaweza kubeba zote mbili. Nasema tu kwamba katika miaka yangu yote ya shule sikupata kusikia mtu akimwambia Kezilahabi kwamba aliogopa.

MJOMBA: Sasa wewe mwenye begi. Peponi.

MIMI: Kwa Kiingereza nilikijaribu 2021, Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel na kila mtu ofisini akawa Mzanzibari kwa wiki moja. Sikufika mbali. Hii tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilitoka 2022, na nilipoifungua niliona ajabu: watu wale wale waliokuwa wakizungumza kama wamevaa tai, sasa wanazungumza kama jirani.

DADA: Kwani kiliandikwa lini?

MIMI: 1994.

DADA: Miaka 28 hadithi ya pwani inakaa Ulaya, halafu ndiyo inarudi nyumbani?

MJOMBA: Na ingekuwa si Nobel, ingekuwa inakaa mpaka leo. Endelea.

MIMI: Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli isiyoingiza kitu. Mfanyabiashara Aziz, ambaye mtoto amelelewa akimhesabu ndugu, huja, hula vizuri, akiondoka humpa mtoto sarafu. Siku moja akiondoka anaondoka na mtoto. Baadaye, dukani kwa Aziz, Khalil ndiye anayemfungua macho: yule si ndugu yako, baba yako anadaiwa, na wewe ndiwe rehani. Mjomba, neno hilo mimi naliandika kila siku ya kazi. Fomu yetu ina sehemu ya dhamana. Watu wanataja friji, televisheni, cherehani, seti ya makochi. Naandika, wanasaini, mdhamini anasaini. Mwaka jana alikuja baba mmoja na mtoto wake wa kiume, kama miaka kumi hivi, ameshika chupa ya soda kwa mikono miwili. Nilimwambia yule baba kwamba vitu alivyotaja havitoshi mkopo anaoutaka. Akacheka, akamgusa mtoto kichwani. "Basi mwandike na huyu." Tukacheka wote, mimi, yeye na mwenzangu wa meza ya pili. Mtoto hakucheka. Aliangalia kalamu yangu. Nilisubiri kicheko kiishe, nikaandika redio. Sikumkumbuka tena yule mtoto mpaka nilipofika pale kwa Khalil.

Dada aliacha kumenya.

MJOMBA: Ni habari nzito, mwanangu. Lakini nikuulize kama nilivyomuuliza shemeji yako. Umesoma Peponi, au umesoma ofisi yako?

MIMI: Nilijua utauliza, ndiyo maana nilirudi mwanzo kuangalia. Mwandishi hakututajia deni. Angeweza. Ukurasa wa kwanza tu, sentensi moja, tungejua kuliko Yusuf na tungemwonea huruma kwa mbali. Badala yake anatuacha tuone sarafu, tuone chakula kizuri, tuone mama anavyomkumbatia mtoto kupita kiasi. Kila kitu kiko mezani na hatukisomi. Khalil anapomwambia, anatwambia na sisi, na sisi tunaona haya kwa sababu tulifurahia ile sarafu. Yule mtoto wa soda hakuniingia kichwani kwa sababu mimi ni ofisa mikopo. Maofisa mikopo tuko wengi na tunalala vizuri. Aliniingia kwa sababu kitabu kilinipitisha njia ile ile: nicheke kwanza, nijue baadaye.

MJOMBA: Mh.

MIMI: Hiyo ni ndiyo au siyo?

MJOMBA: Ni nusu. Njia ya kitabu umeionyesha vizuri, sikatai. Sasa niambie msafara wa bara. Niambie walichokutana nacho kwa Chatu. Niambie Wajerumani.

Hapo nilikamatika. Safari ya bara, ambayo ni kurasa nyingi, niliipita mbiombio, kwa kuwa nilitaka kurudi dukani, kwenye bustani, kwenye habari za deni. Nilikumbuka magonjwa, wapagazi, Chatu kuwanyang'anya bidhaa, Mzungu kuingilia kati. Lakini nilikumbuka kama mtu aliyelala ndani ya basi anavyokumbuka Segera.

MJOMBA: Unaona? Aziz unayemwona ni tajiri mwenye kukamata watoto wa watu naye anakaribia kufilisika, kwa sababu Mjerumani anakuja na hesabu zake nyingine, na hiyo biashara yote ya misafara inakufa mbele ya macho yake. Na Yusuf mwishoni anawakimbilia askari wa nani? Wa Mjerumani. Ukishika deni peke yake, mwisho ule huwezi kuuelewa. Utadhani ametoroka. Kumbe kaenda kuwa rehani ya mtu mwingine.

Nilikaa na hilo kwa muda. Niliposoma nilidhani kweli ametoroka, na nilikuwa nimefurahi.

SHEMEJI: Mzee kakupiga, shemeji.

MIMI: Kanipiga. Lakini mjomba, ungenipa hilo mwanzo, kabla ya mtoto wa soda, ningeliandika kwenye daftari nikalisahau.

MJOMBA: (polepole) Labda. Tulikuwa na wanafunzi 60 darasani na nakala nne. Ungefanya nini na maoni ya bega la kila mtu? Tuliwapa orodha kwa sababu orodha inasahihishika. Msidhani tulikuwa hatujui.

Hilo hakuwahi kulisema mbele yetu. Dada alimkatia kipande cha embe, akampa bila neno. Umeme ulikuwa bado. Mbali, upande wa bandari, taa za winchi zilikuwa zinawaka kwa jenereta lao, na shemeji alikuwa akizitazama kama anayezihesabu.

KIJANA: Babu, sasa zamu yangu. Nimengoja usiku mzima. Muuaji ni nani?

MJOMBA: Wewe unamshuku nani?

KIJANA: Babu, hiyo ni janja ya mwalimu.

MJOMBA: (anacheka) Ni janja, kweli.

KIJANA: Basi niambie.

MJOMBA: Sikumbuki.

KIJANA: Babu!

MJOMBA: Wallahi sikumbuki. Nakumbuka kiko. Nakumbuka nilikisomea Pangani kwa bibi yangu, mvua za vuli, nimejilaza kwenye mkeka ukumbini, na bibi akiniita kula nasema nakuja, nakuja, mpaka samaki wangu wakaliwa na paka. Nakumbuka niliogopa kwenda chooni kwa sababu ya ule mzimu. Muuaji, hapana.

DADA: Umefundisha miaka thelathini na hukumbuki?

MJOMBA: Hicho sikukifundisha. Hicho nilikisoma.

Alikaa kidogo akivuta kanzu yake magotini, kisha akamnyooshea mpwa wangu mkono.

MJOMBA: Kilete hapa.

KIJANA: Hakina mwisho, babu.

MJOMBA: Nimesikia. Kilete, na hiyo tochi yako.